Swedi Alichagua Ngata

Swedi alimwambia Radjabu mnyampara "ego," na kwa neno hilo moja akawa mpagazi wa Wadachi. Hakujua amekubali nini. Swedi alimjibu kila mtu ego. Ukimwuliza kama amekula, ego. Ukimwuliza kama ana njaa, ego. Kwa Kirundi neno hilo ni ndiyo tu, lakini kwake lilikuwa njia ya kumfanya mtu aondoke akiwa radhi naye.

Vita vilikuwa vimefika ziwani. Wadachi walikuwa Usumbura, Wabelgiji ng'ambo ya Rusizi, na mizigo ilipita Rumonge kwenda kaskazini juu ya vichwa vya watu. Kila mji ulidaiwa wapagazi. Wenye mbuzi walitoa mbuzi wakaachwa. Wenye mbio walipanda milima ya Bugarama. Radjabu, aliyepewa kazi ya kukusanya watu, alipungukiwa, akawa anazunguka mchangani tunakoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, akiuliza mtu mmoja mmoja. Alipomfikia Swedi hakuhitaji kuuliza mara ya pili.

Mama yake, Mama Mwasiti, alikuja kwangu na mtungi wa mawese kichwani. Hakuutua hata alipofika mlangoni.

"Asmani, wamemchukua."

"Nani?"

"Kwani wewe una Swedi wangapi?"

Nikachukua kanzu yangu nikatoka naye.

Hapa niseme kidogo juu ya urafiki wetu, maana watu waliuita huruma, na wengine waliuita thawabu. Mimi na Swedi tulianza chuo siku moja, kwa mwalimu mmoja. Yeye alifukuzwa kwa sababu alifu ilimshinda. Mimi niliondoka baadaye kidogo kwa sababu baba alitaka mikono ya kuvuta wavu. Kwa hiyo wote wawili hatukuhitimu, ila mimi niliitwa mvuvi na yeye akaitwa mjinga.

Alikuwa mtu mzima, mwenye ndevu na mabega mapana kuliko yangu. Asubuhi alikwenda Kizuka kwenye michikichi, akapewa mtungi wa mawese, akaurudisha Rumonge bila kumwaga tone. Alichoshindwa ni kuhesabu, kusikia maneno mawili kwa mpigo, na kumkatalia mtu. Hasira alikuwa nazo kama mimi na wewe, na kwa muwa alikuwa mchoyo. Aliwahi kuniuma mkono nilipogusa kipande chake. Nalisema hilo kwa sababu wako watu wanaopenda kusema kwamba mtu kama Swedi ni malaika. Malaika haumi.

Mtoto wangu wa kwanza alipofariki, majirani walikaa matanga siku tatu wakaenda zao, ndiyo desturi. Swedi aliambiwa matanga yamekwisha, akasema ego. Kesho yake akaja, akaketi pale pale alipokuwa ameketi. Na kesho kutwa. Hakuwa na maneno ya kunipa. Aliketi, akipewa chakula akala, jua likishuka akaondoka. Alikuja mpaka mimi mwenyewe niliposimama nikarudi kwenye mtumbwi. Tangu hapo, mtu akiniambia yeye ni rafiki yangu, nampima kwa hilo.

Kumwuliza Swedi kuna namna yake, nami nilijifunza kwa kukosea. Humwulizi kwa mdomo. Unashika vitu viwili, kimoja kila mkono, unamwonyesha, kisha unanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Wengi hunyamaza kidogo halafu wanasema, "Hiki, siyo?" Naye anasema ego, basi imeharibika. Ukimpa nafasi, mkono wake unakwenda wenyewe. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba hapendi samaki wa kuchoma, anapenda wa mchuzi. Nilikuwa nimemlisha wa kuchoma miaka mingi, na kila siku aliniambia ni mtamu.

Tulimkuta shaushi, mkubwa wa askari, kwenye kibanda cha majani ya mchikichi karibu na mitumbwi. Alikuwa mtu wa Tabora, mnene kidogo, na mguu wake mmoja ulifungwa kitambaa na kupumzishwa juu ya sanduku. Radjabu alisimama nyuma yake. Swedi aliketi mchangani na wapagazi wengine, anachezea ganda la konokono. Watu wa sokoni walikuwa wamejaa kutazama, kama kawaida yao.

"Shikamoo, bwana shaushi," nikasema.

"Marahaba. Sema upesi, mguu unaniuma."

"Huyu mtu hakukubali kwenda. Ni kwamba hajui kukataa."

"Shaushi," Radjabu akasema, "usimsikilize huyu. Huyu ndiye mume wake. Muulize mahari alitoa lini."

Watu wakacheka. Swedi naye akacheka, kwa kuwa watu walikuwa wanacheka.

"Mahari nilimwachia mama yako, Radjabu," nikasema, "akanunulie mwanawe haya."

Shaushi akapiga sanduku kwa kiganja. "Nyamazeni. Sikilizeni mimi. Sitaki mtu wa kufungwa kamba. Wa mwisho niliyemfunga alitoroka na risasi, na mguu huu niliuvunja nikimkimbiza. Nataka mtu aliyekubali mwenyewe. Huyu amekubali au hakukubali?"

Radjabu akainama mbele ya Swedi. "Swedi, ndugu yangu. Utakwenda na sisi?"

"Ego."

"Umesikia, shaushi."

Nikasogea mimi. "Swedi. Hutaki kwenda na hawa, siyo?"

"Ego."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwaamsha ndege kwenye chanja za samaki. Shaushi mwenyewe alicheka mpaka akaushika mguu wake. "Huyu ana akili kutushinda sote," akasema. "Kesi mbili kwa neno moja." Akajipangusa macho. Nilimwona anamtazama Swedi kwa namna nyingine, kama mtu anayepima mzigo na kuona utamsumbua njiani. Alikuwa karibu kumwacha. Mama Mwasiti aliliona hilo pia, maana alinivuta kanzu nyuma nisiseme zaidi.

Ningenyamaza. Lakini nilikuwa nimemtilia Swedi maneno mdomoni kama Radjabu alivyomtilia, tena mbele ya watu, nao wamemcheka. Sikupenda. Nilitaka safari hii aulizwe kama mtu.

"Bwana shaushi," nikasema, "iko namna ya kumwuliza."

"Ipi?"

Nikaeleza. Vitu viwili, mikono miwili, na watu wote wanyamaze. Shaushi akakubali, nadhani kwa kuwa alikuwa amechoka, tena mchezo wenyewe ulimpendeza. Nikachukua kafi kwenye mtumbwi wa karibu. Mama Mwasiti alikuwa ameutua mtungi wake hatimaye, na ngata ilikuwa bado kichwani mwake, lile duara la majani makavu ya mgomba ambalo mtu huweka chini ya mzigo. Nikaiondoa kichwani mwake, nikamwambia Swedi asimame.

Kafi ilikuwa ni kubaki ziwani pamoja nami. Ngata ilikuwa ni kwenda na mizigo ya Wadachi. Kila mtu pale alielewa. Radjabu alielewa, akaacha kucheka.

Swedi akatazama kafi. Akatazama ngata. Akatazama kafi tena. Mtu akakohoa. Radjabu akafungua kinywa, shaushi akamwinulia kidole. Sijapata kuona watu wengi hivyo wa Rumonge wamenyamaza, hata msikitini.

Mkono wake ukaenda kwenye ngata. Akaiweka kichwani, akaisawazisha kwa vidole, akamgeukia mama yake huku anacheka.

"Imekwisha," shaushi akasema.

"Haikuisha," Mama Mwasiti akasema. Hakupaza sauti. "Asmani, mutoto wangu amechagua ngata. Hakuchagua safari. Hiyo iko ngata yangu. Kila siku naivaa mimi, anaivaa yeye. Hiyo iko Kizuka."

Nikamgeukia shaushi. "Bwana shaushi, turudie," nikasema. "Nimetumia kitu kibaya. Ngoja nitafute kingine."

Shaushi akaniangalia bila hasira. "Uliniambia hiyo ndiyo namna ya kumwuliza. Nimengoja. Nimewanyamazisha watu wote kama ulivyotaka. Sasa jibu halikukupendeza, swali limekuwa baya?"

Nikaweka kafi chini.

"Basi nichukue na mimi," nikasema.

"Wewe kazi yako nini?"

"Mvuvi."

"Nina wavuvi gani wa kubeba risasi? Utaanguka Gitaza, hata Usumbura hujaiona."

"Ukimpigia kelele huyu atasimama. Ukimpiga ataketi chini, na akiketi hata punda wawili hawamwinui. Mimi najua kwenda naye."

"Si nilisema," Radjabu akawaambia watu, "mume haachi mke." Safari hii hawakucheka sana. Wengine walikuwa na watoto milimani.

Sharifa, mke wangu, alikuwa na mimba changa. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele.

"Shaushi alikuwa anataka kumwacha," akasema.

"Ndiyo."

"Ungefunga mdomo wako tu."

"Ndiyo."

"Na wewe sasa umekuwa Swedi. Ndiyo, ndiyo." Akainuka, akafunga unga kwenye kitambaa, akakaza fundo kwa meno. "Huyo shemeji yangu asilale njaa. Wewe ulale ukitaka."

Tuliondoka asubuhi. Swedi alipewa gunia la unga, mimi sanduku ambalo sikuambiwa lina nini ila shingo yangu ilijua. Alitembea mbele yangu kwa wepesi kama mtu aliyezaliwa chini ya mzigo, anaimba wimbo wake usio na maneno. Mama Mwasiti alitufuata mpaka nyumba za mwisho za mji, akarudi. Swedi hakugeuka kumtazama. Kila asubuhi hakugeuka.

Tulifika Kizuka. Wanawake wa michikichi walikuwa wanakamua mawese, wakamwona. "Amahoro, Swedi," wakamwita, "leo umekuja na jeshi?" Swedi akatoka kwenye mstari, akatua gunia kwenye kivuli cha banda lao, akasimama na mikono miwili mbele, akisubiri mtungi. Mmoja wao, kwa mazoea, akaanza kuujaza.

"Tumefika," Swedi akaniambia. "Turudi."

Ndipo nikajua kwamba mama yake alisema kweli.

Askari akapiga kelele. Swedi akasimama vile vile. Askari akaja na kiboko, Swedi akaketi chini, miguu ameinyoosha, kama nilivyosema. Nikatua sanduku langu nikachuchumaa mbele yake. Nilitaka kumwuliza upya, lakini kwa kitu gani? Hakuna kitu cha kushika mkononi kinachosema Usumbura. Hakuna kinachosema vita.

"Swedi," nikasema, "leo si Kizuka. Ni mbali. Mama hayupo huko."

"Ego."

"Usiniambie ego."

Akatazama mtungi ambao yule mwanamke alikuwa ameacha kuujaza.

Nikachukua ngata nikaishika mkono wa kulia. Mkono wa kushoto niliunyoosha mtupu. Mimi mwenyewe sikujua mkono mtupu una maana gani; sikuwa na kingine. Halafu nikanyamaza, kwa sababu ndiyo namna, na nikiwa nimenyamaza askari akaanza kunichapa mgongoni. Kupigwa na kunyamaza si kazi ngumu kwa mtu aliyesoma chuo. Ugumu ulikuwa kutosema, "Upesi, Swedi, nauawa." Ningesema hivyo angesema ego, akainuka kwa ajili yangu, na ingekuwa ni yale yale.

Akatazama ngata. Akatazama mkono. Alichukua muda wake wote.

Kisha akashika vyote viwili. Ngata akaiweka kichwani kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akanishika mimi, akanivuta nisimame, kama vile ni mimi niliyekuwa nimegoma. Wanawake wakamsaidia kujitwisha gunia. Tukatoka Kizuka tumeshikana mikono, na yule askari nyuma yetu anatukana mama zetu kwa Kinyamwezi.

Wapagazi walitutania mpaka Gitaza. "Bwana na bibi harusi, pilau ya harusi itapikwa lini?" Swedi hakujali, na mimi mgongo uliniuma kuliko maneno. Gitaza wanawake wanaoanika samaki walitugawia kila mmoja konzi ya ndagala, nami nikamchemshia Swedi zake zikawa na mchuzi. Usumbura tulidhani ni mwisho. Tukapelekwa Rusizi kukata kuni na kubeba majeruhi. Kila jioni alitua mzigo akasema, "Tumefika. Turudi." Kila jioni nilimwambia bado. Nilichoka kusema bado kuliko nilivyochoka na sanduku. Jioni moja hakusema, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Lakini sitaki mtu adhani kwamba mimi nilimbeba Swedi njia nzima. Homa iliponiangusha, wapagazi wengine waliniruka. Swedi aliketi. Waliofika kumwinua waligundua kwamba ili Swedi atembee ni lazima na mimi nitembee, kwa hiyo wakatengeneza machela. Mtu mwerevu angeniacha, na asingelaumiwa.

Na wale watu walijifunza. Hakuna aliyewafundisha, waliniona tu. Kijana mmoja wa Ujiji akaanza kumshikia vitu viwili, kwa mchezo kwanza, kisha bila mchezo. Siku moja nilimwona shaushi mwenyewe, mguu wake ameunyoosha, ana muhogo mkono huu na kipande cha muwa mkono huu, amenyamaza kama mtu anayesali. Swedi alichukua muwa. Shaushi akaniambia, "Angechukua muhogo ningejua amenidanganya siku ile." Sikuelewa ana maana gani, na sidhani kama yeye alielewa. Alikufa kwa kuhara mwezi uliofuata.

Wabelgiji walipovuka, Wadachi waliondoka usiku bila kutuaga. Asubuhi hakukuwa na mtu wa kutuambia tubebe au tutue. Nikamwendea Swedi, nikamwambia, "Tumefika. Turudi." Akanitazama usoni muda mrefu kama anayetafuta uongo. Kisha akainuka.

Gharama yake naitaja kama ilivyo. Wavu wangu uliliwa na panya. Nafasi yangu kwenye mtumbwi alipewa Idi, shemeji ya Radjabu, na sikuipata tena. Sasa navua kwa ndoana, nimesimama juu ya mawe. Vidole viwili vya mguu wangu wa kushoto viliharibiwa na funza kule Rusizi, vikakatwa. Swedi alipigwa kitako cha bunduki sikioni, na sikio hilo halisikii. Sharifa aliuza sufuria ya kupikia na mkufu wake wa fedha ili ale. Alijifungua mikononi mwa Mama Mwasiti. Mtoto, Esha, alikuwa anatembea niliporudi, akanikimbia, na mwaka mzima hakukubali nimbebe. Mama Mwasiti alikufa mvua za mwisho kabla hatujafika. Alizikwa na majirani, upande wa ziwa, na mwanawe hakumtia udongo.